Reli ya Seyyid Barghash: Kutoka Mji Mkongwe hadi Chukwani

Watawala wa karne ya 19 wanaotajwa zaidi kwa kujijengea reli zao wenyewe ni maharaja wa India, lakini Afrika Mashariki nayo ilikuwa na reli ya namna hiyo, na ndiyo iliyotangulia nyingine zote za eneo hili. Mwaka 1879 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliamuru itandikwe njia ya reli yenye urefu wa maili 7, yaani kilomita 11 hivi, kutoka kasri lake la Mji Mkongwe hadi Chukwani, kusini mwa mji, alikokuwa na kasri jingine la kupumzikia. Reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, na ile ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, zilikuja akiwa amekwisha kufariki.

Chimbuko la wazo hilo linaelekea kuwa India kwenyewe. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, mji ambao tangu tarehe 16 Aprili 1853 ulikuwa na garimoshi la abiria lililokwenda hadi Thane. Mwaka 1862, muda mfupi baada ya yeye kurejea Zanzibar, himaya ya Baroda, iliyotawaliwa na ukoo wa Gaekwad, ilifungua reli nyembamba huko Dabhoi, yaani reli ambayo nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni ndogo kuliko ile ya kawaida na hivyo gharama yake ni nafuu. Mabehewa yake yalivutwa na maksai kwa miaka kadhaa kabla ya injini za mvuke kushika kazi. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru Uingereza, nchi ambayo wakati huo uchumi wake uliegemea sana garimoshi.

Reli ya Chukwani ilifuata mkondo uleule wa Dabhoi, kwa kuwa nayo ilianza kwa nguvu ya wanyama. Mabehewa mawili ya kifahari yalivutwa na nyumbu, maana yake si wale wa porini wanaojulikana sana katika mbuga za Manyara na Serengeti, bali mnyama wa kazi anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza injini ndogo ya mvuke ya magurudumu manne, ya aina inayobeba tangi lake la maji juu ya mwili wake yenyewe. Kazi hiyo haistahili kuhukumiwa kuwa anasa tupu, kwani mtu huyohuyo ndiye aliyewaletea wakazi wa mji maji safi ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na kuifufua dola iliyovunjwa na kimbunga cha mwaka 1872. Hata hivyo reli yenyewe iliunganisha kasri na kasri, haikubeba karafuu wala wakulima, na hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa.

Gharama za fahari hiyo zilitoka mbali. Mapato ya Sultani yalitegemea ushuru wa forodha, ambayo ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Taria Topan, na sehemu kubwa ya ushuru huo ilitokana na pembe za ndovu zilizoletwa pwani na misafara ya bara. Mojawapo ya njia za misafara hiyo ilitoka Pangani hadi Irangi, kusini mashariki ya Mlima Hanang, na mizigo yote ilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, kwa sababu ndorobo waliwaua ng'ombe na farasi wa kukokota. Mwaka uleule wa 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwashusha Msasani tembo wanne wa India ili wajaribiwe kwa uchukuzi wa bara, na jaribio hilo likaishia katika vifo vyao. Katika makubaliano ya mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walimwachia Sultani, upande wa bara, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, na nchi ambayo leo ni wilaya za Mbulu na Hanang ikabaki upande wa Wajerumani.

Barghash alifariki Machi 1888, na reli yake ikafa pamoja naye: njia iling'olewa, injini ikauzwa kama chuma chakavu. Reli ya Dabhoi iliendelea kwa sababu watu na pamba waliihitaji, hali ambayo reli ya Chukwani haikuwa nayo.

Masimulizi mengi ya Unguja yanahusu reli ya pili, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani kuanzia mwaka 1904 kati ya mji na Bububu, ambayo serikali iliinunua mwaka 1911. Wapo wanaosimulia kwamba kijiji hicho kilipewa jina kutokana na mlio wa injini, lakini Salme binti Said, dada yake Barghash aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alikwisha kukitaja kwa jina hilohilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, akieleza maisha yake huko katika miaka ya 1860. Kutokana na ushahidi huo, masimulizi hayo hayana msingi, ingawa yanaonyesha jinsi garimoshi lilivyowagusa wasikilizaji wake.

Upande wa bara, Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na reli ya kaskazini ikafika Arusha mwaka 1929. Mbulu na Hanang, zilizo katikati ya miji hiyo miwili, hazikupata hata moja, na ngano yao iliendelea kwenda sokoni kwa barabara.