Kibaigwa, mji wa gunia na mizani

Kila tukisema tupo Kibaigwa tunaulizwa ni wapi huko, na tukijibu ni mkoa wa Dodoma mnasema basi mpo kwenye Bunge. Hapana, si huko. Leo tuuelezee mji huu vizuri, maana sembe mnayosonga ugali huko visiwani huenda mahindi yake yalipita hapa, na wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake.

Ukipanda basi Dar es Salaam kwenda Dodoma, utaipita Morogoro, utaipita Dumila, kisha gari itaanza kupanda milima mpaka Gairo. Ukitoka Gairo nchi inafunguka. Milima inabaki nyuma, mbele ni tambarare kavu yenye mibuyu, miti ya miba, udongo mwekundu na upepo mwingi. Hapo ndipo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na kutoka hapa kufika Dodoma mjini hazifiki kilomita mia. Barabara ya lami inaukata mji katikati. Tupo kiasi cha mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Juni na Julai usiku unahitaji sweta, na sisi tunaouza nguo miezi hiyo tunaipenda.

Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Disemba mpaka Aprili, na kwa miaka mingi haizidi sana milimita 500 au 600. Unguja hupata karibu mara tatu ya hizo. Baada ya Aprili hakuna tena tone mpaka mwisho wa mwaka. Aliyezoea masika na vuli za pwani inamchukua muda kulielewa hilo.

Wenyeji ni Wagogo, na upande wa milima ya mashariki ni Wakaguru. Wagogo ni wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Nyumba zao za asili ni tembe, zenye paa bapa la udongo. Watu wa pwani walishapita nchi hii zamani sana. Karne ya 19 misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, kusini ya hapa tulipo, ikavuka nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, ikaingia Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wote walilalamika kuhusu hongo, yaani ushuru ambao watemi wa Kigogo waliutoza kwa msafara kupita na kunywa maji. Walioandika safari hizo waliwaita Wagogo walafi. Sisi tunaona mwenye kisima katika nchi isiyo na mvua ana haki ya kuuliza mgeni amebeba nini.

Na walibeba nguo! Hapa sisi mafundi cherehani tunasimama kidogo. Hongo ililipwa kwa merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za Marekani, na kwa kaniki iliyotoka India. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ni upande, pande mbili ni doti. Kwa hiyo ukienda dukani Darajani ukasema nipe doti ya kanga, au umkatie mwenzio upande, unatumia kipimo kile kile kilicholipiwa maji ya Ugogo. Na mikono ya watu haina urefu mmoja. Mwenye kupima akiwa na mkono mfupi, mpokeaji kapunjika. Ugomvi wa vipimo katika nchi hii ni wa zamani.

Baadaye Wajerumani walijenga reli ya kati, nayo ikapita kusini pia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakata. Njaa ya 1917 mpaka 1920 Wagogo waliipa jina, Mtunya. Ukikaa na watu wa huku utaelewa kwa nini neno akiba lina uzito kwao.

Kisha likaja jambo lililoitangaza Kongwa dunia nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ukatolewa ushauri kwamba Tanganyika ilimwe karanga. Mpango ulitaja zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, lakini hazikufika hata 10,000. Mibuyu iliwashinda, nyuki waliwauma, na mchanga mkali wa udongo huu ulilika majembe. Karanga zilizoota nazo zikakwama ardhini, kwa sababu jua la hapa likichoma udongo baada ya mvua unakuwa kama sakafu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli ndogo iliyojengwa mpaka Kongwa ikang'olewa. Hao wataalamu hawakukosa elimu. Ila hata bibi wa Kigogo mwenye shamba la uwele angeweza kuwaambia kuhusu mvua, kama wangemuuliza.

Kongwa ikabaki na ranchi ya ng'ombe, na kuanzia miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwengineko. Hiyo ni habari ndefu, inataka siku yake.

Sasa Kibaigwa yenyewe. Misafara haikuujenga, na reli haikuufikia. Uliinuliwa na barabara na ruhusa ya kuuza. Vijana wa leo hawajui kwamba kulikuwa na miaka ambayo mnunuzi wa mahindi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa kuwa kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi vikaondolewa. Hapo watu wa malori wakaanza kutafuta mahali pa kukutana na mkulima. Angalia ramani utaona kwa nini walichagua hapa. Mahindi hayaipendi sana nchi kame kama hii, lakini kaskazini kuna Kiteto yenye mashamba makubwa, kuna Kilindi, na mashariki kuna Gairo yenye milima. Njia zao za vumbi zinashukia kwenye lami hapa. Mengi tunayouza hatukuyalima sisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa soko kubwa la mazao, wenyewe tunaliita soko la kimataifa kwa sababu wanunuzi wanatoka hadi nchi jirani. Sababu kubwa ya kulijenga ilikuwa mizani. Kabla yake kulikuwa na lumbesa. Gunia linatakiwa liwe kilo 100, lakini mnunuzi analijaza mpaka linachomoza juu, mdomo unashonwa kwa shazia na kamba, kisha analilipia kama gunia moja. Debe moja la mahindi ni karibu kilo 18. Akizidisha debe moja katika kila gunia, mkulima wa magunia ishirini ametoa bure zaidi ya magunia matatu. Mara nyingi mkulima huyo ni mwanamke mwenye ada ya skuli ya kulipa. Wasomaji wa ukurasa huu mnaijua Surat al-Mutaffifin inavyoanza, hatuna haja ya kuongeza. Mizani ipo sasa, ingawa vijijini huko ndani, kabla mzigo haujafika sokoni, lumbesa haijafa.

Kuna jambo jengine linalotutia hofu kuliko lumbesa, nalo ni sumukuvu. Mahindi yakihifadhiwa mabichi au kuanikwa chini kwenye vumbi hushika kuvu yenye sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Ndiyo maana siku hizi mtaona kina mama wa hapa wanaanika juu ya turubai, wanachambua punje zilizobadilika rangi moja moja, na mnunuzi anayejua anauma punje kwanza asikie kama imekauka.

Watu wameongezeka kwa kasi. Sensa ya 2012 wilaya ya Kongwa ilikuwa na watu 309,973, na ya 2022 wakapita 440,000. Kibaigwa ni mamlaka ya mji mdogo, na msimu wa mavuno, Juni mpaka Septemba, hujaa wageni: madalali, madereva, wabeba magunia, mama lishe, Wamaasai walioleta mifugo, wanawake wanaopepeta mahindi kwa malipo ya gunia, na wanaofagia punje zilizomwagika chini ya malori, ambazo jioni zinatosha kusagisha. Miezi hiyo bei ya mahindi iko chini na nguo zinanunuliwa sana. Ikifika Januari bei inapanda, soko linapoa, na mteja aliyeweka gauni anaomba tumshikie mpaka mavuno.