Simba asiyekua: gemu ya The Lion King na somo la karanga za Nachingwea

Wadau, leo tuweke pembeni siasa na mpira kidogo. Simba ninayemzungumzia hapa siyo yule wa Msimbazi, kwa hiyo watani zetu wa Jangwani mtulie. Ni Simba wa Disney, yule wa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, na hasa gemu iliyotengenezwa kutokana na filamu hiyo. Gemu yenyewe ilitoka katika matoleo kadhaa, na moja kati ya hayo lina kituko cha aina yake: Simba hakui. Anaanza mtoto, anamaliza mtoto, stori imeishia hapo.

Najua kuna mtu atasema, mwandishi mzima wa gazeti unahangaika na gemu za watoto? Nahangaika kwa sababu jina la mhusika ni neno letu. Na sisi tunaotoka Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, tunajua jambo moja kuhusu miradi inayopangiwa tarehe kabla ya kupimwa. Nitafika huko.

Kwanza tuanze mbali kidogo. Ugonjwa wa gemu mbovu zinazotokana na filamu nzuri una tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 1982 filamu ya E.T. ya Steven Spielberg ilivunja rekodi, na kampuni ya Atari ikanunua haki ya kutengeneza gemu yake. Mazungumzo yalichelewa kukamilika, lakini Krismasi haisogezwi. Mtengenezaji, Howard Scott Warshaw, akapewa takribani wiki tano kufanya kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi. Gemu ikatoka, ikanunuliwa kwa sababu ya jina, kisha ikarudishwa madukani kwa wingi. Mwaka 1983 Atari ilifukia shehena ya kaseti ambazo hazikuuzika, E.T. zikiwemo, kwenye dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani ni hadithi za vijiweni, mpaka dampo lilipofukuliwa Aprili 2014 na kaseti zikaonekana zimelala humo.

Sasa turudi kwa Simba. Filamu ilipotoka katikati ya 1994, gemu yake ilitakiwa iwe madukani kabla mwaka haujaisha. Kazi ilipewa Westwood Studios ya Las Vegas, na mchapishaji akawa Virgin Interactive. Ni gemu ya kuruka: mhusika anakimbia, anaruka mashimo, anawarukia maadui kichwani. Kwa macho ilikuwa tamu kweli. Wachoraji wa Disney wenyewe walishiriki kuchora miondoko ya Simba, na muziki wa filamu uliingizwa humo. Iliuzwa vizuri.

Tatizo lilianza hatua ya pili. Hapo mtoto Simba anarushwa huku na huko na nyani, na usipowapanga nyani hao sawasawa unarudi ulikotoka. Kuna na mbuni wa kupanda mgongoni, na ukichelewa kuruka kidogo tu umekwisha. Watoto wengi waliishia hapo hapo. Miaka mingi baadaye Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alieleza sababu: Disney hawakutaka mtu aazime gemu dukani kwa siku chache, aimalize, kisha asiinunue. Kwa hiyo ugumu uliwekwa makusudi mwanzoni mwa safari. Yaani mtoto wa miaka minane alikuwa anapambana na hesabu za biashara bila kujua. Alidhani anapambana na nyani.

Krismasi hiyo hiyo ya 1994 Disney walitoa pia CD ya kompyuta yenye hadithi ya Simba. Familia nyingi Marekani zilikuwa zimenunua kompyuta mpya za Compaq Presario. Asubuhi ya sikukuu CD ikaingizwa, na kompyuta zikagoma. Wazazi wakapiga simu za malalamiko mfululizo. Fedheha ile hutajwa kuwa mojawapo ya sababu zilizoisukuma Microsoft kutengeneza DirectX, programu iliyotoka mwaka 1995 na kurahisisha gemu kuchezeka kwenye Windows. Kwa hiyo kila aliyewahi kucheza gemu kwenye kompyuta ya Windows ana deni dogo kwa simba aliyegoma kunguruma.

Lakini toleo linaloniuma ni jingine. Mwaka 1995 ilitoka The Lion King kwa ajili ya NES, mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Kufikia hapo mashine hiyo ilikuwa kikongwe, wenye uwezo walishahamia kwenye mashine mpya. Toleo hilo liliuzwa Ulaya tu, na ni mojawapo ya gemu za mwisho kabisa zilizopewa leseni kwa mashine hiyo. Waliobaki na mashine ya zamani wakapewa gemu iliyokatwa: hatua za utoto zipo, za utu uzima hakuna. Hakuna kurudi nyumbani, hakuna kupambana na Scar, hakuna ufalme. Stori nzima ya filamu inamhusu mtoto aliyekimbia wajibu wake kisha akarudi kuubeba. Ukitoa kurudi, umebaki na mtoto anayerukaruka porini.

Hapo ndipo ninapoona somo. Mwenye mashine mpya alipewa hadithi kamili, mwenye mashine ya zamani alipewa nusu yake, na jina kwenye boksi lilikuwa lile lile. Sisi Afrika Mashariki wengi wetu tulizijua gemu za aina hii kupitia mashine za kuiga kutoka Asia, zile zenye kaseti za njano zinazodai kuwa na gemu 9999 wakati ukihesabu ni chache zinajirudia. Tulikuwa mwisho wa foleni hata kwenye foleni ya walio mwisho.

Na vipi kuhusu kilichochukuliwa kwetu? Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, Sarabi: yote hayo ni maneno ya Kiswahili. Watengenezaji wa filamu walizuru Kenya, ikiwemo hifadhi ya Hell's Gate, kutafuta mandhari. "Hakuna matata" ilishaimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, na mwaka 2003 Disney wakasajiliwa Marekani kama wamiliki wa maneno hayo kwa matumizi ya kwenye nguo. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga usajili huo. Sisi Watanzania wala hatuyatumii sana, wengi husema "hamna shida", lakini hilo halimpi mtu mwingine hati miliki.

Halafu kuna simba wenyewe. Mkoa wetu wa Lindi haumjui simba wa katuni. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi 308, na kusini mashariki ndiko kulikoumia sana. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa nguruwe pori. Nguruwe wanaingia shambani wakati wa mavuno, mkulima analala kwenye dungu kulinda mazao, na simba anamfuata nguruwe. Angalia hapo, wadau: kwenye filamu Pumbaa anamfundisha Simba kula wadudu na maisha yanaendelea kwa nyimbo. Shambani kusini, nguruwe ndiye aliyemleta simba mlangoni. Hata katika hadithi za bibi zetu simba siyo mfalme wa kuimbiwa, ni mkubwa mwenye nguvu anayezidiwa akili na sungura. Hadithi gani ingekuwa kali zaidi kwenye gemu?

Sasa karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kuja Tanganyika kupima kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi ili kumaliza uhaba wa mafuta ya kula kwao. Ujumbe ulitumia wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza, lengo likiwa zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndiyo maeneo yaliyochaguliwa. Bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikaletwa Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwaka 1962. Jina la Farm 17 lipo Nachingwea mpaka leo, na Frelimo waliitumia Nachingwea kama kambi yao ya mafunzo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji.

Silinganishi njaa na gemu. Nalinganisha namna ya kufikiri. Wiki tisa za Wakefield na wiki tano za Warshaw zina ukoo mmoja: mtu wa mbali anataka mavuno kwa tarehe yake, na udongo au mtoto anayecheza haulizwi. Mpango ukifeli, mwenye mpango anafuta hasara kwenye vitabu vyake. Sisi tunabaki na mabaki.

Dawa si kulalamika. Mwaka 2018 Ben Myres na Cukia Kimani wa Johannesburg walitoa Semblance, gemu ya kuruka iliyofika kwenye mashine ya Nintendo Switch, na ilitajwa kuwa ya kwanza iliyobuniwa Afrika kufika kwenye mashine ya kampuni hiyo. Miaka miwili kabla, Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion. Vijana hawa hawakusubiri filamu ya mtu. Walianza na wazo lao na kulipa muda.

Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka, na hadithi za kusini zimejaa: sungura, dungu, nguruwe pori, reli iliyong'olewa. Kama tunataka Simba akue, itabidi tumkuze wenyewe, tena bila kumpangia Krismasi.

Nawasilisha.