Kati ya Misheni na Misheni

Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, giza likishaingia utawakuta vijana wameketi kwenye ngazi za duka, kila mmoja na simu yake, wote kikosi kimoja cha watu wanne katika gemu ya Free Fire. Wa kwanza kuuawa hafungi simu. Skrini yake inahamia kwa mwenzake aliye hai, naye anageuka kuwa macho ya pili: "Kulia! Kulia, nyuma ya ukuta!" Akifa wa pili, wanakuwa wawili wanaoelekeza. Mechi ikiisha wanarudi lobi wote wanne, na hapo ndipo maneno yanapomwagika: nani alimkimbia mwenzake, nani alichelewa kuleta dawa, nani kavaa nguo mpya na kaipata wapi. Kikosi kikimpata mtu wa Uvira au Kigoma, Kirundi kinapisha na Kiswahili kinashika. Dakika kadhaa zinapita kabla hajatokea wa kubonyeza kitufe cha kuanza tena.

Mpita njia ataona vijana wanapoteza wakati. Mimi naona pale sehemu ya gemu iliyowahangaisha waundaji kwa zaidi ya miaka 40: mchezaji afanye nini pale ambapo hana la kufanya?

Swali hilo ni la gemu za wengi. Anayecheza peke yake akimaliza misheni huzima mashine, na kesho akirudi hukuta kila kitu kinamngoja. Gemu ya mtandaoni haizimwi. Watu wamo usiku na mchana. Tena misheni huandikwa na binadamu. Huchukua majuma kutengenezwa na huchezwa kwa saa moja, na hakuna kampuni iliyowahi kuajiri waandishi wa kutosha kwenda mbio sawa na wachezaji wake. Muda mtupu hauepukiki, basi, na kilichowekwa ndani ya muda huo ndicho kilichoamua nani atabaki na nani ataondoka. Naamini kuna kipindi waundaji walikuwa wamelipata jibu, kisha wakaliachia wenyewe.

Mwanzo wake ni Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja kupitia kompyuta kubwa ya chuo, PDP-10. Mwenzake Richard Bartle aliipokea kazi hiyo na kuikamilisha. Kazi ya mchezaji ilikuwa kutafuta hazina na kwenda kuitupa kinamasini ili apate alama, mpaka afikie daraja la juu kabisa, la mchawi. Hazina zikiisha, ulimwengu huanzishwa upya na kila kitu hurudi mahali pake. Kabla ya hapo ulibaki mtupu: vyumba vipo, vitu hakuna, watu wapo. Wakapiga soga.

Bartle aliwatazama watu hao kwa miaka mingi, na mwaka 1996 akatoa makala ambayo hadi leo inasomwa na kila anayejifunza kuunda gemu. Aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotaka kushinda, wanaotaka kugundua, wanaotaka watu, na wanaotaka kuwasumbua wengine. Misheni humtosheleza yule wa kwanza, na kidogo yule wa pili. Wengine wawili wanaishi kwenye nafasi iliyo kati ya misheni na misheni, na wa kwanza anawahitaji zaidi anavyodhani, maana ushindi usio na wa kuutazama hauna ladha.

Jambo hilo lilipimwa mapema, pengine bila kukusudia. Mwaka 1989, James Aspnes wa Carnegie Mellon, Marekani, alitengeneza TinyMUD. Humo hapakuwa na alama wala mashujaa wa kupanda daraja. Mchezaji alipewa uwezo wa kujenga vyumba na kuzungumza, basi. Kwa hesabu ya biashara ilipaswa kufa siku ya pili, lakini watu walifurika. Mwaka uliofuata Pavel Curtis wa maabara ya Xerox PARC akaanzisha LambdaMOO kwa mtindo uleule, nayo ikaishi miongo. Ikawa wazi kwamba ukiondoa misheni zote na kuacha watu, watu wanabaki.

Ultima Online iliyotolewa Septemba 1997 ililibeba fundisho hilo hadi sokoni. Mchezaji wake aliweza kuwa mhunzi, fundi cherehani, mvuvi, mwoka mikate. Alinunua kiwanja, akajenga nyumba, akaweka duka. Aliyerudi na panga lililochakaa alikwenda mbele ya benki ya mji wa Britain kumtafuta mhunzi, na mhunzi huyo alikuwa mtu wa kweli aliyeketi mahali fulani duniani na kuchagua kuipitisha jioni yake akitengeneza mapanga ya watu. Mwaka haukuisha, waliolipia wakapita 100,000, idadi ambayo gemu ya aina hiyo haikuwa imewahi kuifikia.

Lakini iliyoufanya muda mtupu kuwa taasisi ni EverQuest, iliyofunguliwa tarehe 16 Machi 1999. Ilikuwa gemu ngumu, na kusema kweli ilikuwa na ukatili. Mchawi akimaliza nguvu zake alilazimika kuketi chini na kutafakari hadi zirudi, na kwa wachawi wa ngazi za chini kitabu cha uchawi kilifunguka na kuziba skrini. Hawakuona adui anayekuja. Waliokuwa salama ni wale wenye rafiki wa kuwalinda, kwa hiyo wakatafuta marafiki. Kuvuka kutoka bara moja hadi jingine kulihitaji merikebu. Ukiikosa bandarini Freeport ulingoja inayofuata pamoja na wageni waliokuwa na shida kama yako, na safari yenyewe ikapita bahari nzima huku mmesimama sitahani. Mngefanya nini kama si kuulizana mnatoka wapi?

Kisha likatokea handaki. Kwenye eneo la East Commonlands palikuwa na njia fupi iliyochimbwa chini ya mlima. Waundaji waliiweka ipitiwe tu. Wachezaji kwenye seva nyingi, bila kuagizwa, wakaamua hapo ndipo soko. Jioni ilifurika: huyu anatangaza upanga, yule anatafuta joho, wa tatu amerudi vitani na hana haraka ya kuondoka, wa nne ni mgeni wa ngazi ya kwanza anayeombaomba na, mara kwa mara, anapewa. Bei zilijulikana kwa kusikiliza. Tapeli alijulikana kwa jina, na jina likishaharibika lilikuwa limeharibika, kwa kuwa seva ilikuwa kijiji. Wazee wetu wanaokaa kwenye ikibuguzo, bao la Burundi, wangelielewa handaki lile mara moja: wachezaji ni wawili tu, lakini wanaouzunguka ubao, wanaobisha, wanaozihesabu kete kwa macho na kumcheka aliyekosea, ndio wanaoufanya mchezo uwe wa mtaa.

Wateja walilalamika kuhusu kungoja huko, na lawama zao hazikukosa mashiko. Kusimama handakini saa nzima kuuza kofia moja ni adha kwa mtu aliyetoka kazini akiwa na saa mbili tu za kucheza. Desemba 2001 likaja toleo la Shadows of Luclin, na pamoja nalo Bazaar: unamweka mhusika wako pale, unapanga bei, unakwenda kulala, naye anauza. Oktoba 2002 likafuata Planes of Power lenye vitabu vya kumsafirisha mtu papo hapo kutoka mji hadi mji. Yote mawili yalipendwa, na yote mawili yalikuwa na manufaa ya kweli. Handaki likahamwa, bandari zikabaki na merikebu zisizo na abiria. Wachezaji walipata muda zaidi wa kufanya misheni, wakapoteza sababu ya kujuana.

Star Wars Galaxies, iliyozinduliwa Juni 2003, ilikuwa jaribio la ujasiri kuliko yote, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Aliyeiongoza kiubunifu, Raph Koster, alikuwa pia mbunifu mkuu wa Ultima Online. Alichukua kile kilichotokea chenyewe handakini na kwenye benki akakijenga kwa makusudi. Mpiganaji aliporudi kutoka porini alikuwa na uchovu wa vita usiotibika kwa dawa. Ilimbidi aende baa, aketi, asikilize muziki na kutazama ngoma. Wapiga muziki na wachezaji ngoma walikuwa watu halisi waliochagua kazi hiyo. Kuna waliocheza miezi bila kufyatua risasi. Shujaa alimhitaji mcheza ngoma, mcheza ngoma alihitaji vazi la fundi cherehani, fundi alihitaji ngozi ya mwindaji, na mwindaji alirudi baa akiwa amechoka. Mapumziko yenyewe yakawa sehemu ya uchumi. Anayeingia baa akiwa hamjui mtu alitoka na watatu wa kwenda nao vitani.

Novemba 2005 kampuni iliyoiendesha ikaupindua mfumo mzima kwa mpigo mmoja. Zaidi ya fani 30 zikapunguzwa zikabaki 9, mapigano yakafanywa ya haraka, na lengo likatajwa waziwazi kuwa kuwavuta wachezaji wapya. Mburudishaji alibaki kwenye orodha, lakini mnyororo wa kutegemeana ulikuwa umekatwa. Wakongwe waliondoka kwa makundi, wapya waliotarajiwa hawakuja kwa wingi, na tarehe 15 Desemba 2011 seva zikazimwa. Sioni namna ya kuisoma habari hii isipokuwa kwamba waliondoa kile walichodhani ni subira ya bure, nacho ndicho kilichokuwa kimeshikilia paa.

Wakati huo mshindi alikuwa mwingine. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na mojawapo ya hila zake za busara ilizaliwa kwenye majaribio. Waundaji walitaka mtu asicheze kupita kiasi, kwa hiyo baada ya saa kadhaa alama za uzoefu zilipungua nusu. Wachezaji walikasirika. Blizzard, kampuni iliyoiunda, ikayageuza mambo: aliyepumzika nyumba ya wageni anarudi na kipindi cha alama maradufu, kisha hushuka kwenye kiwango cha kawaida. Adhabu ikawa zawadi, hesabu ni ileile, na malalamiko yakakoma.

Hila iliyofuata haikuwa na upole huo. Mwaka 2007 zikaingia misheni za kila siku: ileile jana, leo na kesho, kwa ujira mdogo usiopaswa kukoswa. Tarehe 8 Desemba 2009 ukaongezwa mfumo wa kuwakusanya watu watano kutoka seva mbalimbali na kuwatupa moja kwa moja pangoni. Kabla ya hapo ulisimama mjini ukiita wenzako, mkatembea pamoja hadi mlangoni, na aliyekuwa mkorofi hakuitwa tena. Baada ya hapo ungeweza kumaliza pango na watu wanne bila neno, usiwaone tena maisha yako yote. Ni haki kusema kwamba idadi ya waliolipia ilifika kilele, milioni 12, mwaka 2010, baada ya mfumo huo kuja. Wenye watoto na kazi waliushukuru. Bado, Blizzard ilipofungua upya gemu yake ya zamani Agosti 2019 bila mfumo huo, watu walipanga foleni ili wakaisumbukie.

Simu zimerithi upande wa misheni za kila siku. Fungua gemu yoyote kubwa ya leo: zawadi ya kuingia siku ya kwanza, ya pili, ya saba, pasi ya msimu inayokwisha, nukta nyekundu inayokuita. Mtu anashikiliwa kwa hofu ya kukosa. Hapa kwetu jambo hilo lina gharama ya pekee. Kebo ya intaneti ya EASSy ilipowashwa pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2010, Burundi isiyo na bahari ililazimika kuungwa kwa nyaya za nchi kavu kupitia majirani. Kampuni ya simu ya Lumitel, tawi la Viettel ya Vietnam, ikaingia sokoni mwaka 2015, na gemu za vikosi zikafika mitaani zikiwa ndani ya simu. Megabaiti bado zinanunuliwa kwa kuhesabu franka. Kijana wa Gasenyi anayewasha data ili tu kuchukua zawadi ya leo analipa kwa fedha taslimu kile ambacho kampuni inakiita bure. Umeme ukikatika na mtandao ukaanguka katikati ya mechi, anahesabiwa kuwa ametoroka kikosi na kukatwa alama za nidhamu. Ninalichukulia hilo kuwa kosa la ubunifu linalostahili kurekebishwa, kwa sababu mahali ambapo mtandao na umeme hukatika, kungoja ni nusu ya mchezo, na gemu inayoadhibu kungoja imeundwa kwa ajili ya watu wengine.

Wapo waliokataa kusahau. Mwaka 2009 mashabiki walifungua seva yao ya kujitolea, Project 1999, wakaijenga upya EverQuest ya miaka ya mwanzo kama ilivyokuwa, pamoja na ugumu wake. Mwaka 2015 Daybreak, kampuni yenye haki za gemu hiyo, ikawapa ruhusa rasmi ya kuendelea, jambo la nadra katika biashara hii. Seva hiyo haina Bazaar. Anayetaka kuuza upanga anakwenda East Commonlands, anasimama handakini kati ya wauzaji wenzake, anatangaza bei yake na kusubiri mnunuzi abishe.