India: pesa ya konji na kodi iliyogawa wafanyakazi

Wakaaji wa Goma wamezoea kuona askari wa India wenye kofia za bluu wa MONUSCO. Askari hao ni wafanyakazi wa serkali yao. Siku watakapostaafu, pesa watakayolipwa kwa siku za likizo, yaani konji, ambazo hawakuzichukua, haitakatwa kodi hata rupia moja. Jirani yao wa kijijini aliyetumika benkini ao kiwandani miaka ile ile hana haki hiyo yote. Tofauti hiyo ilianza miaka mingi iliyopita.

Kwa mfanyakazi wa serkali kuu ya India, siku za konji zisizotumiwa hujikusanya mwaka kwa mwaka, na anapostaafu huweza kulipwa hadi siku 300. Ni sawa na mshahara wa miezi 10. Kwa mzee anayeacha kazi, pesa hiyo inaweza kumaliza nyumba ao kulipa madeni.

Mwaka 1982, kifungu kipya kiliongezwa katika sheria ya kodi ya mapato ya 1961, nacho kikahesabiwa tangu Aprili 1978. Kifungu hicho kiligawa wafanyakazi mafungu mawili. Wa serkali kuu na wa majimbo walisamehewa kodi yote kwa pesa hiyo ya kustaafu. Wengine wote, hata wa benki na kampuni za serkali, waliwekewa mpaka.

Mwaka 2002 mpaka huo ulipangwa kuwa rupia 300.000. Wakati ule mshahara wa msingi wa juu kabisa serkalini ulikuwa 30.000 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 10, unapata 300.000. Kwa hiyo mwanzoni mpaka haukuumiza watu wengi.

Shida ilikuja pole pole. Bei zilipanda, mishahara ikapanda, na tangu 2016 mshahara wa juu serkalini ukafika 250.000. Mpaka ulibaki pale pale. Mtu wa benki aliyestaafu na rupia 1.000.000 za konji alihesabiwa kodi juu ya 700.000. Mwenzake wa wizarani mwenye kiasi kile kile hakulipa kitu.

Mwaka 2019 wastaafu walifikisha jambo hilo mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi. Mahakama ilikubali kwamba wafanyakazi wa serkali ni kundi la pekee, lakini ilitaka serkali ijieleze juu ya kiasi kilichozeeka.

Tarehe 1 Februari 2023, waziri wa fedha Nirmala Sitharaman alitangaza bungeni mpaka mpya: rupia 2.500.000. Hesabu ni ile ile ya zamani, yaani 250.000 mara 10. Ulianza kutumika tarehe 1 Aprili 2023.

Jambo moja halikugawa watu: mfanyakazi akifariki angali kazini, pesa ya konji inayopewa mjane na watoto haikatwi kodi, awe alikuwa wa serkali ao hapana.

Sheria ilikaa miaka 21 bila kuangalia namba yake. Namba ikiandikwa na kusahauliwa, inapunguza haki bila mtu kupiga kura. Waliostaafu kabla ya Aprili 2023 walihesabiwa kwa mpaka wa zamani.