Mkoba wa Kazi: Potifolio ya Mwanafunzi wa Programu

Waitaliano huita portafoglio kifaa cha kubebea karatasi: portare ni kubeba, foglio ni karatasi. Neno hilo limesambaa duniani, na lilipofika kwenye Kiswahili likagawanyika kulingana na ofisi lililopokelewa. Serikalini limekuwa wizara, ndiyo maana nchini Tanzania Profesa Mark Mwandosya mwaka 2012 aliteuliwa kuwa Waziri asiye na Wizara Maalumu. Benki hulitumia kwa jumla ya mikopo iliyotolewa, na wawekezaji kwa mseto wa hisa na hati fungani anazomiliki mtu.

Shuleni bado hakuna makubaliano. Tanzania ina mkoba wa kazi, walimu wengi wa Kenya huandika potfolio, na wapo wanaosema jalada la kazi.

Kati ya hayo, mkoba ndio unaostahili kushinda. Jalada ni la masjala. Lipo la hospitali, la polisi na la kesi, na mara nyingi huandikwa na watu wengine kumhusu mtu ambaye hata kulifungua haruhusiwi. Mkoba una mwenyewe. Mganga humrithisha mkoba yule aliyekwisha kujifunza matumizi ya vilivyomo, na umiliki huo wa maarifa ndio kiini cha istilahi hii: mwanafunzi ameichagua kazi, anaijua ndani na nje, na anaweza kuieleza mbele ya mtu asiyemfahamu.

Katika somo la programu za kompyuta suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu msimbo ni rahisi mno kunakili. Kikokotoo au mchezo wa kubahatisha namba umeandikwa mtandaoni mara maelfu, na siku hizi programu za akili unde huuandika kwa sekunde chache. Mkoba uliojaa kazi za namna hiyo haumwambii msomaji lolote kuhusu aliyeubeba.

Tuseme binti wa kidato cha tatu ameamua kuandika programu ya upatu wa mama yake na majirani. Anahitaji orodha ya wanachama. Anahitaji kitanzi cha kuipitia orodha hiyo jina baada ya jina, na sharti la kutenganisha aliyelipa na asiyelipa. Halafu linazuka swali ambalo halimo kitabuni: mwanachama akifiwa na kuomba apokee kabla ya zamu yake, orodha ipangwe upya vipi? Uamuzi wake juu ya swali hilo, pamoja na toleo la kwanza lililomruka mtu mmoja na maelezo ya jinsi alivyoligundua kosa, ni mali ya mkoba. Kazi tatu za aina hii, kila moja ikiwa na ukurasa mmoja wa maelezo, zinatosha kabisa kwa anayeanza. Ishirini zisizo na maelezo ni mzigo tu.

Zipo njia za kuhifadhi safari nzima. Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, huweka kila hatua na tarehe yake na ujumbe mfupi wa mwandishi. Anayesoma hatua hizo huona fikra zikikua.

Marekani imeyaingiza mambo haya kwenye mtihani. Katika somo la sekondari la AP Computer Science Principles, asilimia 30 ya alama hutokana na programu anayoibuni mwanafunzi, ambayo lazima iwe na orodha, utaratibu unaopokea vigezo, uteuzi na marudio. Huiwasilisha pamoja na video isiyozidi dakika moja, na tangu 2024 siku ya mtihani huulizwa maswali kuhusu msimbo wake mwenyewe. Hapo aliyenakili hana pa kushika. Chuo cha MIT nacho tangu 2013 kinawaruhusu waombaji kuwasilisha mkoba wa vitu walivyoviunda, programu zikiwemo.

Afrika Mashariki mlango wa chuo kikuu bado hufunguliwa na alama za mtihani: KCSE nchini Kenya, kidato cha sita nchini Tanzania. Mwalimu asimdanganye mwanafunzi kwamba mkoba utaziba pengo la alama. Hata hivyo Kenya imeanza kulegeza: mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu, asilimia 20 ya alama zake hutokana na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8. Na anayetafuta ufadhili ng'ambo, au nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni, ataulizwa ameunda nini.

Kuanza hakuhitaji kusubiri sekondari. Scratch, iliyozinduliwa MIT mwaka 2007, humwezesha mtoto kupanga vitalu vya rangi badala ya kuandika mistari ya msimbo, ni ya bure, na ina menyu na vitalu kwa Kiswahili. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuhifadhi humo mchezo wake wa kwanza, kisha akaandika chini yake, kwa Kiswahili chake, kwa nini paka wa mchezo huo alikuwa akikwama ukutani na alimkwamuaje.