Ngeu na Udongo Mwekundu

Mtu ashukaye Kitai, kwenye njia panda ya Lituhi na Ziwa Nyasa, hana haja ya kuitafuta rangi nyekundu. Vumbi humpanda miguuni kabla hajaimaliza nyumba ya pili, na wakati wa masika matope yake huacha doa lisilokubali sabuni. Udongo huo una chuma ndani yake, na chuma kilichoshika kutu ndicho kiupacho wekundu. Wamatengo wa milima ya Mbinga wameulima udongo wa namna hiyo kwa ngoro, yaani vile vishimo vya mraba vizuiavyo mvua isichukue ardhi, nao umewalisha. Lakini kwa seremala haufai: una mchanga mwingi, rangi yake ni hafifu, wala haushiki uzi sawasawa.

Seremala alihitaji ngeu. Neno hili limo katika kamusi zetu, ijapokuwa vijana wengi hawalijui tena. Fundi huuchovya uzi katika ngeu, akauvuta juu ya ubao kutoka ncha hata ncha, akauinua kidogo na kuuachia. Mstari mwekundu ulionyoka hubaki juu ya mti, naye hufuata hapo kwa msumeno. Neno hilohilo hutumika kwa jeraha la kichwani litokalo damu. Sijui kama maana hizi mbili ni ndugu au zimekutana tu njiani. Ila msikilizaji akisikia ngeu huona wekundu mkali, wala si vumbi la barabarani.

Tofauti hiyo haionekani vema mpaka mtu afike machimboni. Kwetu Afrika Mashariki mahali pafaapo kwa somo hili pako mbali na Kitai, katika Bonde la Ufa la Kenya, kusini ya Ziwa Naivasha. Hapo pana mlima uitwao Olkaria, na jina lake latokana na neno la Kimaasai la ngeu yenyewe. Watu wameliandika chimbo katika jina la nchi, na atakaye kujua historia ya mahali hapo angeanzia katika jina.

Sehemu kubwa ya nchi hiyo imo katika hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, nayo ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu. Hupita kati ya majabali, na hapo pana korongo la Ol Njorowa, ambamo maji ya moto hutiririka katika kuta za mawe. Mvuke utokao chini ya ardhi umeyapika mawe ya volkano kwa muda mrefu, ukayageuza udongo laini wa rangi nyingi: hapa mweupe, pale wa manjano, kwingine mwekundu kama damu. Chuma kilichoshikamana na maji huwa cha manjano. Kikipata joto kikatokwa na maji yale, huwa chekundu. Ndiyo maana mtu aweza kuitia motoni ngeu ya manjano akapata nyekundu, kazi ambayo wachimbaji wa Roussillon, Ufaransa, waliifanya katika tanuri. Wamaasai waliuchukua wekundu wao Olkaria, wakausaga na kuuchanganya na mafuta, na morani wakajipaka nywele na mwili.

Mvuke huohuo uliotengeneza rangi ndio uliowaleta wachimbaji wengine. Visima vya kwanza vya kujaribia vilichimbwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kutoa umeme. Mwaka 2014 Olkaria ya Nne iliongeza megawati 140, na katika mwaka huohuo kaya za Kimaasai zilihamishwa kuupisha mradi. Siku hizi ukilitaja jina Olkaria, wengi hufikiri mabomba na mvuke. Taifa lahitaji umeme, na sina neno juu ya hilo. Lakini jina limekwisha kuhama kutoka kwa rangi kwenda kwa mtambo, na yafaa wanalugha waandike jambo hilo wakati wazee waijuao maana ya kwanza wangalipo.

Kwa maana habari yenyewe ni ya kale sana. Olorgesailie, kusini katika bonde lilelile, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba wameona vipande vya mawe ya rangi, vyeusi na vyekundu, vya miaka kama 300,000, na kimojawapo chenye alama za kutobolewa na kukwanguliwa. Katika pango la Porc-Epic karibu na Dire Dawa, Ethiopia, vilipatikana vipande zaidi ya 4,000, uzito wake kilo 40 hivi, vya miaka ipatayo 40,000. Na michoro myekundu ya Kondoa, ambayo Louis na Mary Leakey waliinakili mwaka 1951, na iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilichorwa kwa rangi ya jamii hiyo.

Tukisema kwamba michoro hiyo ilichorwa kwa “udongo mwekundu” tumemwambia mwanafunzi wa Kitai kwamba mchoraji aliinama tu akachota kilicho miguuni pake. Hivyo tumemnyang'anya mchoraji nusu ya kazi yake: kuchagua jiwe, kulibeba, kulisaga, pengine kulichoma. Wengine huandika “okra”, neno ambalo kwa msomaji wa Kiingereza ni bamia. Ngeu tunayo, nayo haituombi ruhusa ya mtu.

Mtu aweza kupinga kwamba ngeu ya seremala ni nyekundu tu, na kwamba kusema ngeu ya manjano ni kulivuta neno mno. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa kuwa moja hugeuka nyingine motoni, naona neno laweza kuvutwa kiasi hicho bila kukatika. Rangi nyeupe ya michoro ya baadaye huko Kondoa si ngeu hata kidogo, nayo yahitaji kutafutiwa jina lake.