Vyungu vya Gede Visivyojua Gurudumu

Ukishika njia ya Malindi kutoka Kuruwitu, pwani ya Kenya, unafika Gede, mji wa kale wa mawe ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Wageni huvutiwa na vigae vya kaure ya China. Vyungu vya wenyeji, vilivyo vingi zaidi, huvipita haraka, na ni hasara kubwa.

Vilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu. Mfinyanzi alichanja mapambo kwenye udongo mbichi. Pwani ilikuwa na mtindo wake wa pembetatu za kuchanjwa tangu karne ya 7.

Hata leo yuko msanii anayefinyanga kwa mkono vivyo hivyo: Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alisomea ufinyanzi Uingereza, kisha akajifunza kwa mfinyanzi Ladi Kwali, Abuja, Nigeria. Akaacha gurudumu. Huinua udongo kwa vidole, huukwangua kwa kibuyu, huusugua mpaka ung'ae.